Wiki Sita za Njaa

Kuna wenzangu walinunua ploti Kitengela wakiwa na miaka 23. Mimi nilinunua goti.

Meniskasi ilikuwa imechanika: ile gegedu yenye umbo la mwezi mwandamo, inayokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi na kubeba uzito wako. Daktari alinipa njia mbili. Akate kipande kilichochanika, nirudi kazini baada ya wiki chache. Au akishone, nitembee na magongo wiki sita, mpira niusahau kwa karibu miezi sita.

Nilikuwa nimeacha chuo na napeleka chakula kwa pikipiki. Kwa hasola anayelipwa kwa siku, hilo si swali. Kata, twende.

Ila kukata kuna deni. Tangu mwaka 1948 daktari Mwingereza, Fairbank, alionyesha kwa eksirei jinsi goti lililotolewa meniskasi linavyobadilika. Mifupa inakosa mto, inaanza kusagana. Mchezaji wa basketi Dwyane Wade alitolewa yake akiwa chuoni mwaka 2002. Alishinda ubingwa wa NBA mara tatu, lakini goti hilo lilimsumbua miaka mingi.

Kushona nako si bima. Ukingo wa nje wa meniskasi una damu, kwa hivyo hupona; ndani hakuna damu, na pasipo damu mshono hauungi vizuri. Derrick Rose alishonwa 2013, ikachanika tena 2015, mara hiyo ikakatwa. Tafiti zinazofuatilia wagonjwa kwa zaidi ya miaka mitano zinaonyesha mshono hushindwa kwa karibu mtu mmoja kati ya watano, au hata wanne.

Mama ndiye aliamua. Ana ugonjwa wa viungo, na ngazi za ploti yetu hushuka kwa upande, mkono mmoja ukutani. Hakuuliza kuhusu asilimia. Alisema, "Shona, mwanangu. Njaa ya wiki sita utaisahau. Hii yangu huisahau hata usingizini."

Sasa ni miaka minne. Mpira nimerudia, ingawa goti hulalamika Nairobi ikiingia Julai. Sijui niko upande gani wa hesabu. Ninachojua ni kwamba nikienda nyumbani, mimi ndiye nabeba mtungi wa gesi, namtangulia Mama polepole, ngazi moja moja.