Roboti, Boi na Kijakazi

Msomaji wa Bofu, huko Likoni, anapokutana na bunilizi za kisayansi kwa mara ya kwanza, huenda akadhani kwamba roboti ni mgeni kutoka Ulaya na Marekani. La hasha; ni jamaa ya watu anaowajua. Neno lenyewe lilienea kutokana na tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki "robota", yaani kazi ya shokoa.

Katika riwaya ya Isaac Asimov, The Caves of Steel (1954), umati katika duka la viatu unakataa kuhudumiwa na roboti, kwa hofu ya kunyang'anywa kazi. Hasira inamwangukia mhudumu, si aliyemweka hapo. Katika The Naked Sun (1957), roboti huitwa "boy". Likoni neno hili halihitaji mfasiri: Kiswahili kimelihifadhi kuwa "boi", jina alilopewa enzi za ukoloni mwanamume mzima, mwenye mke na watoto, aliyepika na kufua katika nyumba za Wazungu.

Hapa ndipo sarufi inapomhoji mhakiki. Je, aandike "roboti imekataa" au "roboti amekataa"? Suala ambalo riwaya nzima hulitafutia jibu, Kiswahili hulidai tangu sentensi ya kwanza.

Suala hili si geni. Kabla ya utumwa kupigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907, palikuwa na "kijakazi". Nomino hiyo imevikwa kiambishi cha udogo na cha vitu. Hata hivyo, hakuna Mswahili asemaye "kijakazi kimekuja". Husema "amekuja". Nomino inadunisha, kitenzi kinakiri.

Ila ungamo hilo lisitukuzwe mno. Mbuzi naye "amekuja", na kijakazi, pamoja na upatanisho wake, aliuzwa. Sarufi ilimpa uhai; heshima haikumpa. Kwa hiyo bunilizi hizi hazipaswi kusomwa kama fumbo la iwapo mashine yaweza kuwa na uhai. Uhai wa boi na wa kijakazi haukupata kutiliwa shaka na yeyote, wala haukuwaokoa. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini binadamu, anapowaza msaidizi wa kesho, humuumba kwa sura ya mtumwa wa jana.