Siku ya Posho Juu ya Kilima



Tuliwaahidi kuwaeleza safari yetu ya kilima kilicho nyuma ya nyumba za Panda. Tulikuwa wamama kumi na mmoja, mabinti wanne, na nkambo mmoja aliyekataa kubaki nyumbani. Tulitoka siku ya posho, saa kumi na mbili asubuhi, ili jua kali lisitukute njiani. Tulibeba bidoni mbili za maji, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na kikanda kilichopikwa usiku.

Hatukwenda kutembea tu. Pesa ya likelemba ilikuwa imetimia, na wengi wetu walitaka tununue makala mengi kabla ya mvua, tuyauze bei itakapopanda. Mama mmoja akasema: kwanza twende tukaone yanakotoka.

Sasa ni mwezi wa kumi. Mvua haijafika, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, lakini msitu hausubiri mvua. Mutondo na muputu hutoa majani mapya kabla ya tone la kwanza, nayo huanza yakiwa mekundu, ndipo yageuke kijani. Wanaokaa chini barabarani hawajui uzuri huo. Mabinti walichuma matawi wakayavaa kichwani kama wako arusi.

Katikati ya njia tulikuta mahali pasipo miti, majani mafupi tu. Mabinti wakadhani watu wamekata. Nkambo akacheka: "Hapana, wajukuu. Hapa chini kuna shaba, na mti hauipendi." Ndiyo hivyo, katika Katanga yetu mabaka ya namna hiyo yaliwaonyesha wazee mahali pa kuchimba. Waliyeyusha jiwe la kijani wakatengeneza misalaba ya shaba, iliyotumika kama pesa na kwa mahari, miaka mingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Binti mmoja akauliza mbona shuleni hajayasikia. Tukanyamaza, maana na sisi nyumbani hatukumwambia.

Sehemu ya mwisho ni mawe. Tulipumzika mara tatu, na nkambo alitangulia kufika, tusimfiche. Kutoka juu tuliona mabati ya Panda yamepangwa mstari kwa mstari, mabomba ya moshi ya Shituru, na mbali zaidi nyumba za Kikula. Wengine tumezaliwa hapa na hatukuwahi kuuona mji wetu wote kwa jicho moja.

Kisha tukageuka upande wa pili. Huko hakukuwa na majani mekundu. Visiki, na maduara meusi ya furu za makala, moja baada ya jingine mpaka bondeni. Hakuna aliyesema neno. Mwishowe mama mmoja, mjane, akasema: "Musiniangalie mimi. Ni makala yaliyolipa minerval ya watoto wangu wawili. Mungekuja na kitu kingine cha kuuza, ningewasikia."

Alisema kweli, na hakuna aliyemjibu haraka. Wote tunapika kwa makala. Anayekata na anayenunua wamebeba gunia moja.

Nkambo ndiye aliyetuonyesha jambo: kwenye visiki vingi kulikuwa na machipukizi. Miti hii haifi ikikatwa, hurudi kutoka mizizini, mradi moto usipite kila mwaka na mtu asirudie kukata mapema. Mutondo ukirudi, viwavi vinarudi. Musuku ukiachwa, masuku yanaliwa. Hivyo navyo vinauzwa sokoni.

Tulikula, tukagombana kidogo, tukapatana kabla ya kushuka. Pesa ya likelemba hatutaijaza yote kwenye makala. Nusu itanunua karanga za kusaga na kuuza, na mama mjane ndiye atakayeongoza biashara hiyo, kwa sababu anajua soko kutushinda. Nusu nyingine itanunua mbabula zenye udongo ndani, moja kwa kila nyumba, maana zinashika moto na kula makala machache. Si dawa ya kilima kizima. Lakini gunia moja likivuka wiki mbili zaidi, kuna mti uliopata nafasi.

Wanaotaka kwenda mara ijayo, vaeni viatu vilivyofungwa, funikeni kichwa, na msiache kiberiti kwa watoto: majani makavu yanawaka upesi. Tutapanda tena mvua zikianza kuisha, tukaone machipukizi yamefika wapi. Mlete mabinti wenu. Na yule anayesema amechoka, ajue nkambo ameshaandikisha jina lake kwanza.