Gari Likizimika Juu ya Reli

Kamina ni njia panda ya reli: moja yaelekea Lubumbashi, ya pili Ilebo, ya tatu Kabalo. Kwa hiyo kila dereva wa kwetu hana budi kuvuka reli.

Siku moja nilipanda lori lililojaa mahindi. Tulipofika kivukoni injini ilikohoa mara mbili, ikazimika, na magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kupita reli. Dereva akatuamuru kushuka upesi. Mama mmoja akakumbatia gunia lake, akakataa. Dereva akamwambia, “Mama, mahindi hupandwa tena.” Hapo akashuka. Tukasukuma sote, lori likavuka; gari la moshi halikutokea.

Kisa chake kilikuwa maji ndani ya mazuti yaliyonunuliwa kwa bidoni njiani. Maji ni mazito kuliko mazuti, nayo hutuama chini ya tangi, ambako injini hunyonya. Basi, mazuti ya bidoni yaachwe yatulie, yamiminwe polepole, na ya chini kabisa yasitiwe. Tena maji yatolewe kwenye chujio mara kwa mara.

Injini ikianza kukohoa, dereva asimame kabla ya reli, asijaribu bahati. Gari la moshi lenye mzigo haliwezi kusimama ghafula, hata dereva wake akifunga breki zote. Likizimika juu ya reli, washuke watu kwanza na kwenda mbali. Gari lifuate, na mizigo iwe ya mwisho.