Aliyeketi Wakati wa Mageuzo

Wapendwa wanaparokia, juma hili nina jambo la kuungama kabla ya kufundisha.

Mama mmoja wa jumuiya ndogondogo hapa Chanika, mwimbaji hodari wa kwaya, alianza kuketi wakati wenzake wamepiga magoti. Kisha akaacha kuja Misa ya pili. Nilimwambia, kwa utani, kwamba uvivu nao ni dhambi. Alitabasamu, akanyamaza. Wengine walisema amerogwa. Ukoo ukataka kuuza shamba ili apelekwe kwa mganga. Mimi niliyewakemea hao, je, nilikuwa nimemtendea wema kuwashinda?

Baadaye alinieleza. Jicho moja lilififia kwa majuma kadhaa, likapata nafuu lenyewe. Mwaka uliofuata mguu ukafa ganzi. Hatimaye, huko Dar es Salaam, alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI, akaambiwa ana maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, tuliyopewa itulinde, hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mshipa huwa kama waya wa umeme uliochubuka. Ujumbe wa ubongo huchelewa au hupotea njiani. Tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868. Huwapata zaidi wanawake, mara nyingi kati ya miaka 20 na 40. Hauambukizi. Hauna dawa ya kuuponya kabisa, ila zipo za kupunguza mashambulizi. Afrika ni nadra kuliko Ulaya, nao mabingwa wa mishipa ya fahamu kwetu ni wachache. Hivyo mgonjwa huweza kuhangaika miaka mingi asijue anaumwa nini. Tena joto huzidisha dalili. Kumbe si Misa iliyomshinda, bali jua la Handeni la saa sita.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akasema, "Padre, sikuhitaji huruma. Nilihitaji kiti, na Misa ya asubuhi."

Mtakumbuka yule aliyepooza katika Injili ya Marko. Wanne waliombeba hawakuuliza nani amemroga, wala hawakumlaumu kwa kutotembea. Walitoboa dari, wakamshusha mbele ya Bwana.

Kila tarehe 30 Mei dunia huadhimisha siku ya ugonjwa huu. Sisi tusingoje siku hiyo. Ndugu yako akififiwa na jicho, akifa ganzi au akiishiwa nguvu pasipo sababu, mpeleke hospitali mapema. Shamba lisiuzwe kwa ajili ya ramli. Na ukimwona mwenzako ameketi wakati wa Mageuzo, usimhukumu kama nilivyofanya mimi. Huenda moyo wake umepiga magoti kuliko wako.

Nawatakieni Dominika njema.