Bahari Inayokimbia na Bahari Inayokula

Mtu wa pwani akija Vaasa, magharibi mwa Ufini, asingoje maji yapwe akaokote chaza. Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Maji hupanda na kushuka kidogo tu kwa kusukumwa na upepo na mgandamizo wa hewa. Mwezi uwe mchanga, uwe mpevu, bamvua hulioni. Lakini bahari hiyo hiyo ilianza kuondoka ufukweni maelfu ya miaka iliyopita, na hadi leo inazidi kwenda.

Kisa ni uzito. Barafu yenye unene wa kilomita tatu hivi iliilalia Skandinavia na Ufini, ikaididimiza ardhi. Ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka polepole. Hapa Merenkurkku, mlango wa bahari kati ya Ufini na Uswidi, inapanda milimita 8 hivi kwa mwaka. Ni kidogo, ila nchi yenyewe ni tambarare mno, kwa hiyo kila mwaka inachomoza ardhi mpya ya karibu kilomita moja ya mraba. Mji wa Vaasa, ulioanzishwa 1606, ulikimbiwa na bandari yake. Ulipoungua mwaka 1852, wakaujenga upya kilomita saba hivi kuelekea baharini.

Nenda bandari ndogo ya Svedjehamn ukaone mabanda ya zamani ya boti yamesimama nchi kavu. Mbele yake ni mawe, kisha matete, maji yako mbali. Panda mnara wa Saltkaret, utaona chini migongo ya mawe imejipanga mistari kwa mistari, kama matuta ya viazi: ni kifusi kilichoachwa na barafu ilipokuwa ikirudi nyuma.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni mambo ya hati. Huku maji ya karibu na vijiji mara nyingi ni mali ya wanakijiji kwa ubia. Sakafu ya bahari ikichomoza, ardhi hiyo ni yao, si ya mwenye kiwanja cha ufukweni. Basi mtu aliyezoea kuteremka kutoka sauna moja kwa moja majini anajikuta ana kipande cha ardhi ya watu mbele yake. Akikitaka, anaomba kukinunua: wapima ardhi wanakuja, bei inapangwa, mpaka unasogezwa, daftari la serikali linaandikwa upya.

Kwetu Pangani, pwani ya Tanzania, hesabu inakwenda kinyume. Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linazama, na mayai ya kasa huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yasifikiwe na maji. Shamba la babu yangu limepoteza safu za mbele za minazi. Mjomba hupima kwa visiki, na visiki vyenyewe vinachukuliwa. Hakuna hati iliyobadilishwa. Karatasi inasema shamba liko kamili, na penye nusu ya mpaka wake sasa yanapita madau.

Sheria tunayo. Ile ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani? Siwaonei Wafini wivu wa ardhi yao, maana hawakuipandisha wao. Wivu wangu ni ule wa kupima.

Mwaka 1731 Anders Celsius, huyo huyo wa kipimajoto, alichongesha alama ya usawa wa maji kwenye jiwe la kisiwa cha Lövgrund, ng'ambo ya pili Uswidi. Alidhani maji ndiyo yanayopungua, akakosea, lakini alama ikabaki na waliomfuata wakapimia hapo hapo. Pangani tungeanza na hilo: alama ukutani pale mtoni, na mtu wa halmashauri mwenye daftari, kila mwaka kwenye bamvua la Machi.