Sakafu ya Tela

Mpwa wangu amenunua tela. Ilikuwa imelala miaka mingi nyuma ya ghala la shamba moja la chai, kando ya barabara inayopanda kutoka Katana kuja Lwiro, matairi yamekwisha na majani yameota katikati ya vyuma. Alilipia chuma tu, kwa kuwa sakafu haikuwepo tena. Haikupita juma akaniita nikaone kazi yake. Mbao za mikaratusi, mbichi kabisa, ukizigusa mkono unalowa. Amezibana ubavu kwa ubavu na kuzipigilia misumari kwenye miti aliyoifunga kwa waya juu ya fremu. Nikamwuliza mbona hakuacha nafasi.

"Nafasi ya nini, Mjomba? Mchanga si utamwagika?"

Kijana amezaliwa hapahapa na hajawahi kuona sakafu ya tela ikitengenezwa na mtu anayeijua kazi. Nani angemwonyesha? Hata hivyo nilikasirika, na bado sijatulia.

Aliyeijua kazi hiyo tulimwita Papa Fundi, watoto kwa wakubwa. Karakana yake ilikuwa banda lisilo na ukuta upande wa mashariki, na ukisimama mlangoni uliliona Ziwa Kivu kule chini na majengo ya mawe ya IRSAC kule juu, taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947 na ambayo wazee waliendelea kuiita hivyo hata ilipokwisha kubadilishwa jina. Mashamba ya jirani yote yalimletea tela zao: za chai, za kahawa, na za magome ya kwinini, ambayo vumbi lake lilikuwa chungu hata hewani. Baba yangu alikuwa dereva wa trekta, ndiyo maana nikashinda pale nikijidai nasaidia.

Mbao zake zilikuwa za mti wa libuyu. Zilitoka upande wa Bunyakiri, ng'ambo ya mlima Kahuzi, ambako wapasuaji wawili wawili walivuta msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini, macho yamejaa unga. Zilipofika kwake hazikuguswa. Alizipanga kivulini, akaweka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, akazikandamiza kwa mawe, kisha akaandika kwa chaki, kwenye ncha ya kila ubao, mwezi na mwaka ulipofika. Unene wa sentimita mbili na nusu ulikuwa na mwaka wake mmoja. Meneja wa shamba angekuja na gari, apige honi, aseme chai inaharibika. Papa Fundi angemwonyesha ile chaki na kurudi kwenye randa yake. Ncha zenyewe alizipaka oili chafu ya injini, maana ubao hupoteza maji kwa haraka kupitia ncha na hapo ndipo unapoanza kupasuka. Harufu ya banda lile ilikuwa mchanganyiko wa vitu hivyo viwili: unga mwekundu wa libuyu, wenye ukali kidogo puani, na oili iliyokwisha kazi. Nikiisikia leo popote, hata kwenye gereji ya pikipiki, najikuta nimesimama.

Siku ya kubadilisha sakafu ilianza na kung'oa. Mbao za zamani hazikuwa zimeoza katikati. Zilioza pale zilipokalia chuma, kwa sababu maji ya mvua yalinasa hapo na kukosa njia. Bolti zilizoshikwa na kutu alizikata kwa patasi na nyundo. Alikwangua fremu, akaipaka rangi, ndipo akalaza mbao mpya kwa urefu wa tela. Kati ya ubao na ubao alisimamisha msumari mnene, akausogeza ubao wa pili hadi uuguse, kisha akauchomoa. Hiyo ndiyo nafasi ninayoitaja. Libuyu iliyokauka ikilowa kwa mvua za Septemba inavimba. Isipopata pa kwenda inainuka na kuvuta bolti zake. Na wakati wa mvua zenyewe pengo lilijifunga karibu lote, mchanga haukumwagika wa kumsikitisha mtu.

Alitoboa kwa keekee ya mkono. Bolti zake zilikuwa na kichwa cha mviringo na shingo ya mraba: shingo ilizama ndani ya mbao ili bolti isizunguke nati inapokazwa chini, na kichwa kikalala sawasawa na ubao, koleo lisikwame. Msumari aliudharau. Alisema barabara ya Katana itautoa wenyewe, na kweli barabara ile ilitoa hata meno.

Nilidhani sakafu ninayoikumbuka zaidi iliwekwa 1978. Kaka yangu anashikilia kuwa ni 1980, mwaka ambao UNESCO iliiingiza mbuga ya Kahuzi-Biega katika orodha yake. Tumebishana, tukaacha. Ilidumu. Ilibeba chai siku za kazi, Jumapili ikabeba waimbaji, na usiku mwingine ikampeleka mama mwenye uchungu wa uzazi hospitali ya FOMULAC pale Katana, godoro chini yake, baba yangu akiendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha.

Tela ziliharibikaje? Watu husema misitu imekwisha. Sikubali, au nakubali nusu. Kabla msitu haujaisha, liliisha rundo la Papa Fundi. Ubao unaokauka mwaka mzima ni mali iliyowekwa wazi, na kuanzia vita vya 1996 hakuna aliyeweza kuacha mali wazi hadi kesho. Nyingine zilibebwa, nyingine zikapikiwa. Mafundi waliokuja baadaye hawakuwa wajinga; walijifunza kuweka ubao siku hiyohiyo unapofika, kabla haujapata mwenyewe mwingine. Papa Fundi alifariki na banda likabomolewa. Baadaye ikawa mikaratusi iliyokatwa ikiwa bado michanga, kisha pikipiki zikachukua mizigo midogo, na mbao zenyewe sasa zinashuka migongoni mwa akina mama, kamba kwenye paji la uso, kwa malipo ya aibu. Ukiitaja Lwiro leo watu wanakuuliza habari za sokwe wa kituo cha kuwatunza kilichoanzishwa hapa 2002. Sina neno na sokwe.

Nilimwambia mpwa wangu kuwa nafasi aliyoikataa ataipata bure ifikapo Julai, mikaratusi ikinywea na kujipinda. Hakubisha. Alisema ikifika hapo ataweka bati la mapipa, kama wenzake wanaosomba mchanga. Kwa mchanga ana haki, koleo huteleza vizuri kwenye bati. Lakini tela zilezile ndizo zinazorudisha watu kutoka sokoni saa saba mchana, na nimewaona akina mama wakikunja vitenge mara tatu kabla ya kukaa.