Shingo ya muganga wa meno, na shingo zetu

Juma hili tunawaletea habari ya shingo. Katika kikundi chetu tumezoea kuongea juu ya likelemba, minervale ya watoto na bei ya unga. Shingo hatukuipa nafasi mpaka binti yetu mmoja alipotaka kuacha kazi.

Tunasema binti yetu, kwa maana mama yake ni mwenzetu na pesa za likelemba zilimsaidia kumaliza masomo. Leo ni muganga wa meno katika kliniki moja ya mjini. Mshahara wake unasomesha wadogo zake watatu. Kwa mwaka mzima alilala na maumivu toka sikio mpaka bega, na asubuhi vidole vilikuwa na ganzi. Alipoeleza kazini, alijibiwa kwamba angali kijana, azoee. Huku nyumbani wengine walianza kunong’ona habari za uchawi.

Sababu ya kweli tuliielewa tulipomwomba atuonyeshe namna anavyofanya kazi. Kinywa ni tundu dogo lenye giza. Ili aone jino la nyuma, anainamisha kichwa, anainua kiwiko, anashika chombo chembamba kwa nguvu, kisha anabaki hivyo bila kusogea. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikiwa wima, mifupa ndiyo inakibeba. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inakivuta kisianguke, na kadiri kinavyoinama mzigo wake unazidi mara nyingi. Msuli unaokaza muda mrefu haupati damu ya kutosha. Ndiyo maana kazi inayoonekana nyepesi inaumiza kama gunia.

Mtoto wa mwenzetu mwingine anasomea ufundi wa ordinatere. Yeye alituambia kuna njia ya kujaribu bila kuumiza mtu: kutengeneza ndani ya ordinatere sanamu ya mtu yenye viungo vinavyokunjika. Katika miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilitengeneza sanamu ya namna hiyo iliyoitwa Jack. Nayo inatumika kupima magari na mahali pa kazi kabla havijajengwa.

Basi kijana alipima urefu wa binti yetu, mikono yake, kigoda chake na kiti cha mgonjwa, akaviingiza vyote katika programu ya bure. Sanamu ilipokaa kama yeye, shingo iliinama digri 35 na mkono wa juu uliinuka digri 50. Mgongo nao ulikuwa umeinama. Kisha akahesabu kwa kipimo kinachoitwa RULA, kilichotolewa mwaka 1993 na Lynn McAtamney na Nigel Corlett huko Uingereza. Alama zake zinaanzia 1 mpaka 7. Alama 1 na 2 ni salama. 7 maana yake badilisha leo. Binti yetu alipata 6.

Wazo la kwanza lilikuwa kuinua kigoda. Sanamu ilionyesha kwamba mkono unashuka vizuri, lakini shingo inainama zaidi, na miguu inaning’inia. Wazo la pili: kumlaza mgonjwa chali kabisa, ainue kidevu, kinywa chake kiwe sawa na kiwiko cha muganga, kigoda kipande sentimeta 8, ubao uwekwe chini ya miguu, na meno ya juu yatazamwe kwa kioo kidogo. Shingo ikarudi digri 18, na alama ikashuka mpaka 3. Fundi wa mbao wa mtaani alitengeneza ule ubao. Kiti kipya hakikununuliwa.

Miezi minne imepita. Ganzi ya vidole imekwisha, maumivu yamepungua, na barua ya kuacha kazi ameichana. Hata hivyo wagonjwa wangali wengi, na bado anaomba apewe dakika chache za kunyoosha mwili kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ordinatere inaona kona ya shingo. Haioni uchovu, wala mtoto anayebebwa mgongoni baada ya kazi. Hayo ni sisi tunapaswa kuyasema, na kuyasemea wenzetu.

Wengine mtauliza: hayo yanatuhusu nini, sisi tusiotibu meno? Kati ya kazi ambazo RULA ilijaribiwa kwazo mwanzoni, kulikuwa kushona nguo. Wenzetu wa mashini ya kushona wanainama kama muganga wa meno. Vilevile yule anayechambua maharagwe chini, na yule anayefua katika beseni lililo sakafuni.

Ordinatere hatuna sote, lakini telefone ya picha ipo karibu kila nyumba. Mwombe mtoto akupige picha ya ubavuni ukiwa kazini, bila kujipanga. Tazama sikio na bega. Kama sikio limetangulia mbele sana, inua kazi ikufuate, usiishukie wewe. Weka beseni juu ya meza. Weka matofali chini ya miguu ya mashini. Kila nusu saa simama, nyoosha mabega. Na ukiona ganzi, mkono kukosa nguvu, au maumivu yanayokuamsha usiku, usingoje: nenda kwa daktari.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na picha yake moja. Tutazitazama pamoja, na fundi wa mbao tumemwalika.